Gwaride la Kufuli na Pipa

Kabla hata hajasema amekuja na habari gani, Koplo aliomba vitu viwili: chai yenye sukari ya kutosha na kiti kisichoyumba. Chai ilikuja mara moja. Kiti kisichoyumba hakikupatikana karakana nzima, maana mafundi wa Bi Mkubwa waliweza kushona gauni likamkaa mtu utadhani kazaliwa nalo, lakini kupigilia msumari hakuna aliyejua. Koplo akakalia robota la vitambaa, akanyoosha miguu, akacheka. Alikuwa mwanamke mnene wa kicheko kinene, mpelelezi wa kujitegemea aliyestaafu upolisi akiwa na cheo cha koplo, na cheo hicho kilikuwa kimemganda kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo mezani.

"Haya, nirudieni kisa," alisema. "Polepole. Jana mlinisimulia wote kwa mpigo, nimelala kichwa kinanguruma kama cherehani."

Bi Mkubwa, mwenye karakana, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha michoro, futi ya kupimia imening'inia shingoni na pini zimejipanga kwenye kola. "Hakuna cha kurudia," alisema. "Kwanza nililiona gauni dirishani kwa Jirani. Gauni lenye mkono wa Sindano, ule wa mikunjo inayopanda begani. Mkono ule haushonwi mahali pengine popote. Nikarudi hapa, nikawaamuru wote wafunge kazi zao kila jioni, isichunguliwe na mtu. Tangu siku hiyo ndipo michoro ikaanza kupotea. Jioni imo kwenye kompyuta, asubuhi haimo. Tena si ya watu wote. Ya Sindano peke yake."

Jirani alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wake wa miaka na miaka, na Bi Mkubwa alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza Koplo.

"Nasema Sindano anachora, anampelekea yule, kisha anafuta ili nisijue kilichokwenda. Leo tukitoka kazini atanikabidhi funguo za kabati, aende zake."

Alilisema hilo kwa ukali, ila mwishoni sauti ilimkatika. Sindano alikuja hapo akiwa binti asiyejua hata kupitisha uzi tunduni. Yeye Bi Mkubwa ndiye aliyemfundisha, ndiye aliyempa jina hilo, ndiye aliyempa funguo. Koplo aliyaona macho yake yakitafuta sakafu.

"Siku bado mbichi," alisema Koplo, akamalizia chai. "Nani mwingine anachora kwa kompyuta?"

Alikuwa Bwana Kesho, mwanamume mpole mwenye tumbo la starehe, aliyepata jina lake kwa njia ya haki kabisa. Kompyuta yake ilikaa kando ya ile ya Sindano, na skrini yake ilijaa michoro iliyolaliana: suruali, kola, vizibao, vyote wazi.

"Kwako hakijapotea kitu?"

"Hata mstari, afande."

"Unatumia programu ile ile anayotumia mwenzako?"

"Ile ile. Inaitwa Mkasi. Kaiandika mkwe wa Bi Mkubwa, yule aliyemwoa bintiye." Alijikuna shingo. "Mimi naipenda. Haisumbui."

"Na jioni unafanyaje?"

"Naenda nyumbani."

Katika miaka yake ya upolisi Koplo alikuwa amekutana na wezi wavivu, lakini mvivu wa kiasi hiki asingejisumbua kuiba. Akamfuta kwenye hesabu zake, akatoka nje, akavuka barabara.

Gauni lilikuwepo dirishani kweli, jeupe, na mkono wake ulikuwa mzuri hata Koplo, mtu wa kuvaa chochote kinachomtosha, alisimama akalikodolea macho. Jirani mwenyewe alitoka mbio kumpokea. Alikuwa mrefu, amevaa miwani juu ya paji la uso, na furaha yake haikufichika.

"Zuri, eeh? Sema tu, usione haya!"

"Zuri. Bei gani?"

"Haliuzwi. La mteja."

"Mteja gani?"

"Kaniapisha nisimtaje. Tena akijua nimelitundika hapa atanitoa roho, lakini, afande, nimeshindwa kujizuia. Tangu nianze kushona sijapata kushika kitu kama hiki. Tazama mkunjo huo! Tazama unavyogeuka!"

"Mchoro umeupata wapi?"

"Kaja nao mkononi. Kachora kwa penseli kwenye karatasi ya kawaida."

"Penseli? Si wa kompyuta?"

"Kompyuta!" Jirani alicheka mpaka miwani ikamwangukia puani. "Ungeiona karatasi yenyewe, imefutwafutwa hadi inakaribia kutoboka."

Koplo aliomba ruhusa ya kuligusa. Alilipima kiuno kwa viganja, akapapasa mabega kwa ndani, la kulia kisha la kushoto. La kushoto lilitiwa sponji nene kuliko mwenzake. Alipapasa tena kuhakikisha, akatikisa kichwa taratibu, na tabasamu likaanza kumtambaa usoni.

"Endelea kutunza siri ya mteja wako," alimwambia. "Lakini dirishani liondoe. Leo hii."

Aliporudi alimkuta Sindano kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, akikata kitambaa cha watu kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa mikono, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia kwa miaka mingi ya kuinamia meza hiyo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Umeiba?"

"Sijaiba."

"Vizuri, tumemaliza nusu ya kazi. Ukishachora jioni, unafanyaje?"

"Nafunga."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu Bi Mkubwa aseme. Hata niwe na haraka ya namna gani, siondoki bila kufunga."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi sikuti kitu. Naanza upya. Kuna gauni la wasimamizi wa harusi nimelichora mpaka nikilala mkono unachora wenyewe."

"Kabla ya amri hiyo ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naacha tu wazi kama Bwana Kesho. Kompyuta haikuwa inazimwa. Ukija asubuhi unaigusa, inaamka, kazi yako iko pale pale."

"Kwa Jirani huwa unakwenda?"

Mkasi ukasimama. "Huwa nakwenda."

"Kufanya nini?"

"Hilo siwezi kusema leo, shangazi. Nisamehe."

"Unajua kazi yako inaondoka leo?"

"Najua." Machozi yalimlengalenga, lakini kidevu hakikutetereka. "Kitakachoniuma si kazi. Ni yeye kuamini."

Koplo hakumbana zaidi. Alikwenda kumtafuta Mkwe, akamkuta amejibanza nyuma ya kompyuta ya Sindano, kijana mwembamba mwenye adabu nyingi na hofu kubwa ya mama mkwe wake, ambaye kila Bi Mkubwa alipopita alisimama wima hata kama hakuitwa.

"Umeichunguza mashine?"

"Kila pembe, afande. Hakuna kilichofutwa. Kitu kikifutwa kinaacha alama, na hapa hakuna alama. Wala hakuna aliyeifungua usiku, wala hakuna mchoro uliohamishiwa kokote. Nilimwambia mama hivyo hivyo."

"Naye akasema nini?"

"Akasema kama haikufutwa, basi imeibwa."

"Na kama haikuibwa?"

Mkwe alipepesa macho. Swali hilo hakuwa amelifikiria, na tumtendee haki, hakuna aliyekuwa amelifikiria. Koplo akavuta kiti kinachoyumba, akakikalia kwa tahadhari, akaisogelea skrini. Juu kabisa kulikuwa na safu ya picha ndogo ndogo. Hapakuwa na neno hata moja.

"Maneno yako wapi?"

"Maneno yanajaza skrini, afande. Nimeweka aikoni, hizi picha. Unabonyeza picha, kazi inafanyika."

"Umezichora mwenyewe?"

"Mimi? Mimi nikichora kuku watu wanauliza ni gari la aina gani." Alichangamka, hapa sasa palikuwa nyumbani kwake. "Hizi ni za mfumo wenyewe wa kompyuta. Kila kompyuta inakuja na ghala la picha zake ndani: kufuli, diski, folda, pipa, zote. Kwa hiyo naandika tu kwenye programu, nipe picha ya kitu fulani, mfumo unanipa. Ni bure, zimenyooka, na mtu akibadilisha mwonekano wa kompyuta yake nazo zinabadilika zenyewe. Halafu watu wameshazizoea."

"Watu gani?"

"Watu," alisema.

Koplo alijipiga paja kwa furaha. Kila mpelelezi ana kitu chake anachokipenda kuliko vingine, na yeye alipenda gwaride la utambuzi, lile la kupanga washukiwa kwa safu ili shahidi awatambue, kuliko hata mshahara. Aliomba vipande vya kitambaa cheusi na chaki ya fundi. Kila picha iliyokuwa juu ya skrini aliihamishia kwenye kipande chake, akaichora jinsi alivyoweza, kisha akavibana vipande hivyo kwa pini kwenye kamba ya kutundikia nguo. Washukiwa wakasimama kwa safu, wanatikisika kwa upepo wa feni.

"Bi Mkubwa, njoo uwe shahidi," aliita. "Ukae hapa, usikie, usiseme."

Bi Mkubwa alikuja, akaitazama ile kamba. "Hicho kikaango kinafanya nini hapo?"

"Ni kioo cha kutafutia, mama," alisema Mkwe kwa unyenyekevu.

"Mimi nimekiona kikaango tangu siku ya kwanza."

"Nimesema usiseme," alisema Koplo. "Sindano abaki nje kwanza. Bwana mdogo, tutambulishie hawa, mmoja mmoja."

Mkwe aliwapitia haraka haraka. Diski ni kuhifadhi. Mashine ya kuchapa ni kuchapa. Kikaango, samahani, kioo, ni kutafuta. Kufuli ni kufunga. Pipa ni ghala. Koplo aliuliza ghala la nini, naye akajibu ni la kuwekea vitu, akatolewa nje kabla hajaeleza zaidi, maana Koplo hakutaka mashahidi wake wakutane.

Sindano akaingia, akasimama mbele ya kamba huku mikono ameifunga nyuma.

"Hiki?" Koplo alionyesha diski.

"Sikijui. Nilidhani ni mashine ya kufulia. Nikasema nguo hazijashonwa, za kufuliwa zitoke wapi?"

"Hujawahi kukibonyeza?"

"Kwa ajili gani?"

"Hiki?"

"Kuchapa mchoro kwenye karatasi kubwa. Hicho nakijua."

"Na huyu?" Kidole cha Koplo kiligota kufuli.

"Kufunga."

Koplo akakaribia kupita. Mashahidi wawili, jibu moja, neno kwa neno. Katika gwaride lolote mshukiwa wa namna hiyo anaachwa aende zake. Alikuwa ameshaunyoosha mkono kuelekea kwenye pipa aliposita, akaurudisha mkono wake taratibu.

"Kufunga," alirudia. "Binti, ukishabonyeza kufuli, mchoro wako unakuwa wapi?"

"Si umo ndani? Nimeufungia. Ukifunga kabati, nguo si zimo kabatini?"

"Mwite Mkwe."

Mkwe akaingia, akasimama wima kwa sababu Bi Mkubwa alikuwepo.

"Mtu akibonyeza kufuli, mchoro unakuwa wapi?"

"Unafungwa, afande. Umekwisha. Unatoka kwenye skrini, kama mtu anavyofunga duka akaenda zake."

"Na kama hakubonyeza ile mashine ya kufulia kwanza?"

"Mashine ya…" Aliitazama diski. Rangi ikamtoka usoni. "Kama hakuhifadhi, basi haukuhifadhiwa."

Feni ilivuma, vipande vya kitambaa vikipigapiga kwenye kamba. Bwana Kesho alikuwa amekuja mlangoni, mkate mkononi, maana kwa mambo ya kusikiliza hakuwa mtu wa kesho.

"Programu nyingine huwa zinauliza," alisema Koplo. "Hata ile ya kwangu ya kuandikia ripoti inaniuliza: unataka kuhifadhi? Ya kwako haiulizi?"

"Ilikuwa inauliza," alijibu Mkwe kwa sauti ndogo. "Mama akasema inamhoji kama hakimu. Nikaondoa swali."

"Nilisema hivyo?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Ulisema hivyo, mama. Ukasema pia ukiulizwa tena jambo nyumbani mwako mwenyewe utaitupa kompyuta dirishani."

Koplo alimkalisha Sindano mbele ya mashine. Alimwambia achore kitu chochote, naye akachora kola, haraka, kwa mistari michache tu. Akamwambia afunge kama anavyofunga kila jioni. Sindano akabonyeza kufuli. Kola ikaondoka. Akamwambia aifungue folda ya michoro, na folda ilikuwa tupu kama mfuko wa mwisho wa mwezi.

"Mwizi wetu huyo hapo," alisema Koplo, akakichomoa kile kipande cha kufuli kwenye kamba, akakiweka mezani kwa heshima zote. "Bwana mdogo, wewe ulitaka picha ya kufunga duka. Ukaenda ghalani, ukaomba picha ya kufunga, ukapewa ya kufunga mlango. Neno moja, kazi mbili. Umeazima sare ya askari ukamvalisha mpishi, halafu unashangaa watu wanampelekea mashtaka yao."

"Lakini neno ni lile lile," alisema Mkwe, karibu kulia.

"Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Hata mimi nilikuwa napita."

Bi Mkubwa alikuwa amekaa chini polepole kwenye robota la vitambaa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu jambo asilotaka lifike mwisho. "Mimi ndiye niliyesema fungeni," alisema.

"Ndiyo."

"Kila mtu afunge kazi yake kabla ya kuondoka. Nilisimama pale pale, nikasema."

"Na aliyekutii kila siku ndiye aliyepotelewa," alisema Koplo kwa upole. "Asiyekutii hakupoteza hata mstari."

Macho yote yakahamia mlangoni. Bwana Kesho aliacha kutafuna.

"Mimi," alisema, "nilipanga kuanza kesho."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Kilianza kwa Koplo, kikatikisa kiti kile kibovu, kikamwingia Mkwe ingawa aliogopa, kikawaingia hata mafundi wa cherehani waliokuwa upande wa pili wa ukuta na ambao hawakujua kinachochekwa. Sindano peke yake alicheka na machozi yakimtoka, akiyafuta kwa kiganja chenye chaki mpaka uso wote ukawa mweupe.

"Basi michoro imekwenda," alisema Bi Mkubwa, kicheko kilipotulia. Hakuwa amecheka. "Mwanangu amechora mpaka mikono imechoka, kwa neno langu mimi, na imekwenda."

"Gwaride halijaisha," alisema Koplo. "Yuko mshukiwa mmoja bado hajahojiwa." Akaonyesha kipande cha mwisho kwenye kamba. "Sindano, huyu nani?"

"Pipa la taka."

"Umewahi kumbonyeza?"

"Mimi? Nitie mkono kwenye pipa la taka, na kazi yangu imefunguliwa? Hata kipanya nilikuwa sikipitishi karibu."

"Na wewe, bwana mdogo, ulisema ni ghala. Sasa malizia. Ghala la nini?"

Mkwe alikuwa anaitazama ile picha, na mikono yake ikaanza kupanda kichwani yenyewe. "Jamani," alisema. "Jamani, jamani. Nilisahau kabisa. Nilipoondoa lile swali, roho ilinisuta, nikaweka ghala. Mchoro wowote ukifungwa bila kuhifadhiwa, programu inauweka humo. Niliomba picha ya pipa kwa sababu nyumbani kwetu pipa ndilo lililokuwa linatunza maji ya nyumba nzima. Mtu akisema pipa, mimi naona kitu kilichojaa."

"Na mfumo ukakupa la taka."

"Ndilo lililokuwepo!"

"Binti," alisema Koplo, "tia mkono."

Sindano alifumba macho, akabonyeza. Skrini ikatulia kidogo, kisha michoro ikaanza kumiminika, mmoja juu ya mwingine: gauni la wasimamizi, tena gauni la wasimamizi, na tena, kila moja bora kuliko lililotangulia, sketi, vizibao, mikono ya mikunjo inayopanda begani, na juu ya yote ile kola ya dakika chache zilizopita. Mafundi waliacha cherehani zao wakajazana mlangoni. Mmoja alipiga kigelegele, wengine wakampokea, na Mkwe, kwa furaha iliyomzidi, alimkumbatia mama mkwe wake kabla hajakumbuka kwamba anamwogopa, kisha akarudi nyuma hatua nzima akiomba radhi.

"Nitazitupa picha zote za kuazima," aliapa. "Nitachora za kwangu."

"Thubutu!" alisema Koplo. "Tushaambiwa habari za kuku wako. Ziache hizo hizo, ila kila moja ifanye kazi iliyozaliwa kuifanya, na chini yake uandike neno. Na lile swali ulirudishe."

"Lirudishe," alisema Bi Mkubwa. "Linihoji."

Aliinuka, akatoa mfukoni fungu la funguo ambalo Sindano alikuwa ameshamkabidhi asubuhi ile ile bila kusubiri jioni, akalishika asijue la kulifanyia. "Bado kuna gauni," alisema, bila kumtazama mtu. "La kwa Jirani. Sitaki kuuliza. Lakini nikinyamaza nitakuwa muongo."

Koplo alimgeukia Sindano. "Useme wewe, au niseme mimi? Nimeshalipapasa bega lake la kushoto."

Sindano alijishika bega bila kujua. Akawaka uso mzima, chini ya chaki.

"Ni la kwangu," alisema. "Naolewa. Nilitaka nikwambie wiki hii, kisha mambo yakaharibika, nikaona nikitamka harusi utasema natafuta huruma. Mkono ule nimeuchora nyumbani, kwa penseli. Na dirishani hakuruhusiwa kuliweka!"

Kigelegele cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Bi Mkubwa alisubiri kipite. "Unaolewa," alisema. "Na gauni unalipeleka kwa yule. Mimi nimekufundisha kushika sindano, na siku yako unampelekea yule. Nimekukosea nini?"

"Nikilileta hapa ungelishona wewe."

"Kwani ningelishona vibaya?"

"Ungelishona mpaka asubuhi ya harusi. Ungekuja na pini kolani, ungepiga magoti nyuma yangu unarekebisha pindo, watu wote wamekaa. Mimi mama yangu simjui. Nilitaka wewe ukae kiti cha mbele. Mama wa bibi harusi hashoni, anakaa."

Bi Mkubwa alizitundika funguo kwenye kiuno cha Sindano, pale zilipokaa siku zote, na vidole vyake vilishindwa kulifunga fundo, akalirudia. Kisha akaanza kuchomoa pini kwenye kola yake, moja baada ya nyingine, akizichomeka kwenye kamba ya Koplo.

"Hata pindo nisiguse?" aliuliza mwishowe.

"Hata pindo."

"Hata kifungo?"

"Vifungo niachieni mimi," alisema Koplo. "Ndiyo kazi niliyosomea. Na leo nimekosa wa kumpa hata kimoja."

Walicheka wote, safari hii hata Bi Mkubwa, akijipangusa macho kwa ncha ya futi. Sindano ndiye aliyeacha kucheka mapema.

"Kipo kimoja," alisema. "Kile cha juu kabisa, nyuma ya shingo. Nimemkataza Jirani asikiguse. Asubuhi ile utanifunga wewe, mama."

Bi Mkubwa alimshika mabega yote mawili, lililoshuka na lisiloshuka, akamgeuza taratibu. Akaziinua nywele zake, akapatafuta pale kifungo kitakapokaa, akaweka kidole chake hapo, akakiacha.